Mdomo Niliouchora kwenye Barakoa ya Mama

Naandika kwa heshima zote, kama tunavyofundishwa bwenini kuandika barua ya kukiri kosa. Mimi Goodness, kidato cha tatu, nimeandika nyingi. Hii haimwendei mwalimu wa zamu.

Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona nilirudi nyumbani, Nkoma. Mama, nesi Nyanjige, alikuwa na barakoa moja nzito ya zahanati, ya kutumia wiki nzima. Kila jioni aliirudisha kwenye bahasha ya kaki, akaandika siku juu yake, akaitundika msumarini nyumbani. Tulikatazwa kuisogelea. Kukatazwa kulinitosha. Alhamisi usiku nikachukua kalamu nene nyekundu, nikaichorea mdomo unaocheka, meno yote nje.

Nilitegemea aifungue mbele ya wenzake, wacheke. Lakini Ijumaa asubuhi mkokoteni wa ng'ombe ulimleta zahanati mzee Limbu akihema kama aliyekimbizwa. Dastan, tabibu wa zahanati, alinisimulia baadaye. Mama alifungua bahasha, akaitazama barakoa, akamtazama mke wa mzee aliyekuwa analia, akaifunga tena bahasha. Alijifunga kanga puani, akamkalisha mzee, akamshika mgongo mpaka alipokata roho. Dastan alipomuuliza kulikoni, alisema barakoa imelowa.

Nyumbani hakuna aliyegomba, nami niliona mzaha wangu umedoda.

Siku ya sita mama akaanza kukohoa. Ya tisa gari la wagonjwa lilimpeleka Bariadi, kwenye wodi tusiyoruhusiwa kuingia. Alinipigia simu mara moja.

"Mayu, yale meno," alisema, akiniita mama kwa Kisukuma kama kawaida yake, akapumzika. "Umeyachora vizuri."

Nilimwomba msamaha, sijui mara ngapi.

"Baba yako usimwambie, atakupiga." Akapumzika tena, safari hii muda mrefu. "Sema ilikuwa imelowa."

Alizikwa Jumanne na watu waliovaa plastiki mwili mzima, sisi tukiwa tumesimamishwa mbali. Msibani baba alimuuliza Dastan nesi anakosaje barakoa. Dastan akajibu kwamba ilikuwa imelowa. Wazee wakatikisa vichwa.

Kesho yake bahasha ililetwa kutoka zahanati pamoja na viatu vyake. Juu yake, kwa mwandiko wa mama, siku ziliishia Alhamisi. Niliifungua mbele ya baba, nikamwonyesha barakoa, nikamwambia ni mimi.

Hakunipiga. Aliitazama kwa muda, ikimchekea. Kisha akairudisha kwenye bahasha, akaitundika palepale msumarini.