Wimbo wa Pili

Watu wa Kainuu, kule kwenye misitu ya Ufini, hawamwambii mtu kwamba anaimba vibaya. Wanakwenda kunywa kahawa. Saimi Tervonen alilijua hilo tangu utotoni, lakini kulijua jambo si sawa na kulionja, na kiangazi chake cha kwanza cha kuzunguka kwenye mabanda ya dansi alilionja mpaka likamkaa kooni. Akiimba wimbo wa zamani wa tango, ile dansi ya polepole ya jozi jozi, wa zile enzi za babu zao, sakafu inajaa. Akisema tu "sasa nawaimbia wimbo wangu mwenyewe," utadhani kasema kuna nyoka. Wanawake wanarudi upande wao, wanaume upande wao, foleni ya chapati za maji inarefuka mpaka kwenye misonobari, na Saimi anabaki jukwaani anawaimbia mbu.

"Usinune, binti," Taisto alimwambia baada ya jioni moja ya namna hiyo. Taisto ni mzee aliyekuwa akimpigia kodiani, na ulimi wake ulikuwa mwepesi kuliko vidole. "Mbu nao ni wasikilizaji. Tena hawa hawaondoki."

"Mzee, nyamaza."

"Nimenyamaza. Mimi ni mpigaji tu."

Saimi hakuwa na kampuni nyuma yake, wala meneja, wala mjomba redioni. Alikuwa na gari la mizigo ambalo mlango wake wa nyuma ulifungwa kwa kamba, alikuwa na Taisto, na alikuwa na mpiga besi na mpiga ngoma, ndugu wa baba mmoja ambao hawakuwa wakisemeshana ila kwa muziki. Mabango aliyachora mwenyewe akayabandika kwenye vituo vya mafuta na mbao za matangazo za maduka ya vijijini. Nyimbo zake alizirekodi ndani ya sauna iliyopoa, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke, kwa kuwa mbao zake hazina mwangwi, akazitia mtandaoni. Ajabu ni kwamba huko zilipata watu. Mwanamke mmoja wa pwani ya kaskazini ya Norwe alimwandikia kwamba huzisikiliza akisafisha samaki. Wazee wa Kifini waliohamia Uswidi zamani kutafuta kazi za viwandani walimwandikia kwamba wamelia, wakaomba nyingine. Kutoka Aisilandi kuna mtu alimtumia picha ya redio ya gari lake, bila neno hata moja, na Saimi akaelewa kwamba amesifiwa.

Alishukuru, asingekuwa na adabu kama asingeshukuru. Lakini moyo haushibi kwa chakula cha jirani. Alitaka kusikilizwa nyumbani, na hapo nyumbani, tusizungukezunguke, alitaka kusikilizwa na mtu mmoja.

Huyo mtu ni Ilmo Heikura, mkata magogo, mtu wa makamo, hajaoa, nyumba yake iko peke yake kando ya barabara ya msituni. Wakati wa baridi uliofuata gari la Saimi liliteleza likaingia mtaroni karibu na kwake. Ilmo akaja na trekta, akalivuta, na kwa kuwa mikono ya Saimi ilikuwa imekufa ganzi, akamwingiza jikoni. Akammiminia kahawa. Kikombe kilipoisha akamiminia tena bila kuuliza. Taa ya mezani ilikuwa inawaka mchana, maana mchana wa huko wakati huo ni kama haupo.

"Wewe ndiye yule mwimbaji," Ilmo akasema.

"Ndiyo mimi."

"Imba basi."

Saimi alizionea haya nyimbo zake mwenyewe, akaimba wimbo wa tango wa zamani. Ilmo akasikiliza mpaka mwisho huku akitazama dirishani.

"Huo ni wa marehemu," akasema. "Siku ukiwa na wako, nitakuja kuusikia."

Kwa mwanamume wa Kainuu hayo ni maneno ya mwaka mzima. Saimi aliendesha gari mpaka kwao akiwa hasikii baridi, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa amemaliza wimbo unaoitwa "Taa ya Jikoni." Kila kitu ambacho kinywa chake kilikataa kusema alikitia humo. Utauliza kwa nini hakurudi tu kwa Ilmo, akabisha hodi, akasema. Uliza, lakini ujue umetoka mbali. Kule mtu akibisha hodi bila sababu, wenye nyumba hudhani kuna msiba.

Basi shida ilikuwa moja. Wimbo upo, Ilmo ameahidi kuja, lakini Saimi atauimbaje mbele ya sakafu tupu, watu wote wakiwa wamemgeuzia mgongo wanapuliza kahawa? Aibu ya namna hiyo mbele ya mtu unayempenda, afadhali ukae kimya.

Dawa aliipata kwenye mila yenyewe. Katika mabanda hayo nyimbo huenda mbilimbili. Mwanamume huvuka sakafu, huinamisha kichwa mbele ya mwanamke, na wakishashikana ni nyimbo mbili, haipungui wala haizidi. Kumwacha mwenzio baada ya wimbo wa kwanza ni kumtukana mbele ya kijiji kizima. Ziko koo ambazo hazisalimiani mpaka leo kwa jambo hilo tu.

"Mzee," Saimi akamwambia Taisto wakiwa barabarani, "tuseme wa kwanza unakuwa wa zamani. Halafu wa pili unakuwa wangu."

Taisto akamtazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Binti, huo ni utekaji nyara!"

"Watanichukia?"

"Watakaa. Kuchukia ni hiari yao."

Wakakaa kweli. Mara ya kwanza nyuso zilikuwa za watu waliofungiwa mlango. Wimbo wa zamani ulipokwisha na ule mgeni ukaanza, uliona macho yanatafutana, miguu inasita, lakini hakuna aliyethubutu kumwachia mwenzake mkono. Juma la pili walisita kidogo tu. Sikukuu ya katikati ya kiangazi ilipofika, walikuwa wanaingia kwenye wimbo wa pili kama watu wanaoingia nyumbani kwao, na wengine walikuwa wanafumba macho.

Aune, mwenyekiti wa banda la Kuikkalampi, ambaye pia ndiye mkaangaji wa chapati, alimfuata Saimi nyuma ya jukwaa na mwiko mkononi.

"Wewe mtoto wa Tervonen, umenivunjia biashara. Zamani ukiimba wako nilikuwa nauza mpaka unga unakwisha. Sasa hawatoki!"

"Nisamehe, mama Aune."

"Nikusamehe nini? Niambie ule wa taa unauimba saa ngapi, nizime jiko nije."

Na Ilmo alikuja. Kila Jumamosi ambayo Saimi alikuwa Kuikkalampi, Ilmo alisimama upande wa wanaume, kwenye nguzo iliyo karibu na ziwa, koti limefungwa mpaka shingoni. Hakumwomba mwanamke yeyote dansi. Zamu ya wanawake ilipofika, ile saa ambayo wanawake ndio wanaovuka sakafu kuchagua, wapo waliomchagua, naye alikwenda, kwa sababu kukataa si adabu. Saimi aliimba akimwona mikononi mwa wengine, na wivu ulimpanda mpaka sauti ikakwaruza, na watu wakasema, leo ameimba kwa hisia. Mwimbaji ana taabu hiyo. Yeye ndiye anayewakutanisha watu, lakini hana wa kumvukia sakafu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba wimbo wa taa ukianza, Ilmo hakumtazama. Aliwatazama wachezaji. Aliwapitia mmoja mmoja, jozi baada ya jozi, kama mtu anayekagua miti ya kukata, na wimbo ukiisha aliondoka. Saimi alikaa kiangazi kizima akijiuliza amekosea neno gani.

Ikafika dansi ya kufunga msimu. Misitu ilikuwa imeanza kunukia uyoga, na giza, lililopotea miezi yote ile ya kiangazi kisicho na usiku, lilikuwa limerudi kukaa nyuma ya ziwa. Saimi akamwambia Taisto, "Zamu ya wanawake nitashuka."

"Unashuka wapi?"

"Sakafuni. Nitamchukua mtu."

Taisto hakuuliza ni nani. Mzee mwenye macho hahitaji kuuliza. "Na ataimba nani?"

"Hakuna. Pigeni tu. Wa zamani kwanza, halafu wa taa."

"Wa taa bila maneno?" Taisto akaikung'uta kodiani yake vumbi ambalo halikuwepo. "Angalia, mwanangu. Ukibaki huku juu anapata maneno, hakupati wewe. Ukishuka anakupata wewe, hapati maneno."

"Maneno nimempa kiangazi kizima, mzee. Hayajafanya kazi."

Akashuka. Watu walipomwona mwimbaji anavuka sakafu, kelele za vikombe zilikoma. Akafika kwenye nguzo, akasimama mbele ya Ilmo, akainamisha kichwa. Ilmo akageuka kuangalia kama kuna mtu nyuma yake. Hakukuwa na mtu. Akafungua vifungo vya koti, akalitundika kwenye msumari, akampa mkono.

Kule watu huwa hawaongei wakicheza. Mkono wa Ilmo ulinukia sabuni, na chini ya sabuni, utomvu wa misonobari. Alicheza vizuri kuliko alivyosimama. Saimi alitamani wimbo ule wa marehemu usiishe, yeye ambaye alikuwa amewachukia marehemu wale tangu aanze kuzunguka.

Ukaisha. Wakabaki wameshikana. Taisto akaanza "Taa ya Jikoni," kodiani peke yake, polepole, na ule upande wa maneno ukawa mtupu.

Kwanza mtu mmoja alivumisha sauti, puani tu, upande wa mlangoni. Halafu mwingine. Halafu Aune, aliyekuwa ameacha jiko linawaka, akaachia maneno yenyewe kwa sauti yake ya kuitia ng'ombe, na hapo banda zima likafuata. Watu ambao kanisani huchezesha midomo tu, watu ambao hawajawahi kuimba ila wakiwa wamelewa, waliimba wimbo wa Saimi kuanzia ubeti wa kwanza, bila kukosea hata neno, huku wakizunguka.

Saimi alilia. Hiki ndicho alichokitafuta kwenye barabara zote zile, na furaha ilimjaa. Akainua uso amwone Ilmo. Ilmo hakuwa anaimba.

"Ni wako," Saimi akamwambia sikioni, kwa sababu alijua akiacha sasa hatasema tena. "Huu wimbo. Nilikuandikia wewe."

Ilmo akamzungusha upande mmoja mzima wa banda.

"Mara ya kwanza nilijua," akasema. "Nilisema, hilo ni jiko langu, na taa ile ni yangu. Usiku ule sikulala."

"Sasa?"

"Halafu nikawatazama watu. Mwalimu kafumba macho. Dereva wa posta kafumba macho. Kila mmoja anadhani ni jiko lake. Nikasema, we Ilmo, mjinga mkubwa, unataka kudai wimbo wa kila mtu."

"Ungeniuliza."

"Na wewe ungeniambia."

"Si nakwambia sasa!"

Ilmo akafungua kinywa, na wimbo ukaisha. Watu wakapiga makofi, jambo ambalo hawalifanyi, na hawakumpigia Taisto. Wote walikuwa wamemgeukia Saimi.

Baada ya nyimbo mbili mwanamume humrudisha mwanamke mahali anapokaa, hata kama ni yeye aliyechukuliwa. Ilmo akatazama upande wa wanawake. Nafasi ya Saimi haikuwepo huko. Akamshika kiwiko kwa adabu, akampeleka, na watu wakawapisha njia mpaka kwenye ngazi za jukwaa.

"Ilmo, usinirudishe huku."

"Wanakungoja."

"Waache wangoje. Nishike mkono, tutoke."

Ilmo akawatazama watu wale wote, nyuso zao zimelainika, na Saimi akaona usoni mwake kwamba ameogopa. Hakuwaogopa wao. Aliogopa kuwa mtu aliyewanyang'anya mwimbaji wao. Pengine aliogopa pia jiko lenye watu wawili, nani ajuaye. Miaka mingi ya kukaa peke yako hufanya ukuta.

"Asante kwa dansi," akasema, kama inavyosemwa, akamwachia kiwiko.

Saimi akapanda. Taisto akauliza kwa sauti ya chini, "Tupige nini?"

"Wowote wa zamani."

Akaimba. Sakafu ikajaa mpaka ukingoni. Ilmo alivaa koti lake akasimama kwenye nguzo mpaka wimbo ule ukakamilika. Kisha ikafika ile nafasi fupi ya kati, ambapo hakuna mwenye mwenzake anayeweza kuondoka, na yeye aliyekuwa peke yake akaondoka. Saimi akasikia gari likiwaka nyuma ya misonobari, likashika barabara ya msituni.

Chini yake wanaume na wanawake walikuwa wamesimama kimya, wameshikana, wanamtazama, wanangoja wimbo wa pili. Alitamani awe yeyote kati yao. Akawaimbia.