Mtoto Mzima Kwenye Kila Simu

Binti mmoja aliunda programu ya simu kwa ajili ya wajawazito wa kliniki ya wazazi ambako shangazi yake alikuwa mkunga mkuu, iwakumbushe siku za kupimwa na kuwajibu maswali. Ukiifungua, kwanza inatokea picha ya kichanga akitabasamu mikononi mwa mkunga. Kwenye simu ya binti, picha ilikaa ikatulia. Akampelekea shangazi, kifua mbele.

Shangazi akaifungua kwenye simu yake. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwanangu, kichwa cha mtoto kiko wapi?"

Kweli, kioo cha simu yake, kifupi na kipana, kilikuwa kimemkata kichanga shingoni. Kwenye simu nyembamba ya dada wa mapokezi, mtoto alivutika akawa kama uzi.

"Mwenye mimba ya kwanza akiona hivi, nitamtuliza kwa lipi?" shangazi akasema. "Na keshokutwa wajawazito wanakuja kuipokea."

Binti akarudi ofisini kanywea.

"Tengeneza picha ya kila aina ya simu," mwenzake akamshauri.

Akajaribu. Akakata, akanyoosha, akapunguza. Akitibu hii, ile inaugua. Ikawa kutwanga maji kwenye kinu, kwani simu mpya hazikomi kutoka.

Mwishowe akaacha kuikata picha, akaitazama. Watu walihitaji kumwona mtoto na mikono iliyombeba. Ukuta wa nyuma ulikuwa ukuta tu. Akamtenga mtoto na ukuta, akamweka katikati, akaiagiza programu impime kwa upande mfupi wa kioo, isimvute wala isimkate. Nafasi itakayobaki ijazwe rangi ya ukuta, iwe kubwa au ndogo.

"Na simu ambazo bado hazijaundwa?" mwenzake akauliza.

"Zije tu."

Siku ya siku ikafika, chumba cha kungojea kikafurika. Simu zikatoka mikobani: ndefu, pana, zenye nyufa, hata moja ya kukunja. Binti alisimama mlangoni, roho mkononi. Wakafungua kwa pamoja.

"Mwone anavyocheka," mama mmoja akamwambia jirani yake.

"Hata wangu anacheka."

Shangazi akakiinua kishikwambi cha daktari, akakigeuza upande, akakisimamisha. Mtoto mzima, kichwa na vidole. Akawageukia wanawake.

"Mimi nimezalisha wengi," akasema, "lakini huyu kazalishwa na binti wa kaka yangu. Yule pale mlangoni, anayejificha."

Chumba kizima kikacheka na kupiga makofi. Binti akaingia ndani, kichwa juu.