Pumzi Katikati ya Stori

Wateja walimwita Redio. Kinyozi yule, mkasi ukianza kukata, mdomo nao ulifunguka, na hakuna aliyejua jinsi ya kuuzima. Asubuhi ile alikuwa ameketi kitandani, chumba cha dharura, mguu mmoja umevimba kuanzia kisigino, pale kiatu kipya kilipomchubua.

"Ana homa kidogo tu, na presha ni nzuri," muuguzi alisema.

"Umesikia?" Redio akamgeukia binti yake, mwalimu wa chekechea aliyemkokota mpaka pale. "Nipeni vidonge vyangu niondoke. Kuna bwana harusi kichwa chake kimenyolewa nusu!"

Wote walicheka. Binti alishachukua mkoba wake, moyo umetulia, daktari alipoingia. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti. Akavuta kiti, akamwacha Redio aanze kisa cha mteja aliyesinzia akaamka hana sharubu. Alitabasamu pale pa kutabasamu, lakini macho yake yalikuwa kifuani pa mgonjwa.

"Mzee wangu, huwa unapumzika katikati ya stori?"

"Nani, mimi?" Redio akavuta pumzi. "Sijawahi."

Binti akashtuka. Kweli, baba yake alikuwa akikata maneno vipande vipande, na yeye, aliyelelewa na sauti ile, hakuligundua hilo. Daktari akagusa magoti ya mzee. Yalikuwa ya baridi.

"Hatuendi nyumbani bado," alisema. "Nataka kupima lakteti."

"Ndiyo nini hiyo, daktari?" binti akauliza.

"Ni asidi, mama. Vijidudu vya kidonda vikiushtua mwili mzima, viungo vya ndani vinaanza kuhangaika, na asidi hiyo inajaa kwenye damu. Presha inaweza kubaki nzuri kwa muda. Mtu anaweza kujikaza usoni, damu haijikazi."

Mashine ndogo ya pale chumbani haikuchelewa. Lakteti ilikuwa juu, maradufu ya inavyotakiwa. Daktari hakupandisha sauti, ila chumba kizima kilibadilika mwendo: damu nyingine ikapelekwa maabara kutafuta vijidudu, dawa kali ikaingia kwenye mshipa, dripu ikafunguliwa. Redio, kwa mara ya kwanza, alinyamaza. Kimya kile ndicho kilichomtoa binti machozi.

Mchana presha iliporomoka, kama daktari alivyohofia. Lakini ilimkuta mzee ameshahamishiwa chumba cha uangalizi, dawa zinafanya kazi. Akapimwa lakteti tena. Ilikuwa imeshuka kiduchu mno.

"Si bado mapema kutegemea ishuke?" daktari mwenzake aliuliza.

"Dawa anapata, maji anapata. Kuna kitu bado kinamwaga sumu." Akakifunua kisigino, akakibonyeza taratibu huku na huku, kisha akamwita mpasuaji. Chini ya ngozi ngumu, mahali ambapo macho yasingeona, palikuwa na usaha mzito. Wakautoa wote.

Binti alikaa kwenye benchi la korido, hana hata nguvu ya kupiga simu. Daktari alipotoka, aliketi kando yake badala ya kusimama.

"Lakteti imeshuka, mama. Safari hii imeshuka vizuri. Bado tunamlinda, lakini anaelekea kupona."

"Ulijuaje, daktari? Alikuwa anacheka!"

"Sikujua. Niliingiwa na wasiwasi, ndiyo maana nikaiuliza damu."

Binti alimtazama mwanamke yule, koti lina doa la iodini, macho mekundu kwa uchovu. Angeweza kujisifu, na nani angembishia? Alitaka kumshukuru, akaishia kumshika mkono wake mdogo kwa mikono yake miwili. Daktari hakuuondoa mpaka binti aliporidhika.

Siku kadhaa baadaye Redio alihamishiwa wodi ya kawaida, amekonda, miguu haijashika nguvu. Binti alipofika na nguo safi alimkuta ameketi, anamkagua mgonjwa wa kitanda cha pili.

"Nani alikunyoa hivyo, ndugu yangu?" alikuwa akimuuliza. "Mlikuwa mmegombana?"