Kiboksi Kaburini kwa Piitaakii

Mama aliniusia jina lake, Piitaakii, lichongwe kaburini kwa herufi zetu za Kisiksika, lugha ya wenyeji wa asili wa Kanada, zile alizonifundisha mwenyewe. Alipofariki, nikamtumia mchongaji wa mjini jina hilo kwa barua pepe. Kompyuta yake haikuijua herufi ya kwanza, ikaonyesha kiboksi kitupu, naye akakichonga vilevile.

"Nimechonga ulichonitumia," akanijibu bila haya.

Mama mdogo Delphine akakitazama kiboksi, akacheka hadi machozi. "Dada yangu! Hata huko kajifungia mlango, kama alivyozoea nyumbani!"

Mimi sikucheka. Miaka sita baadaye nikapata simu inayoijua herufi ile. Leo nimepiga magoti kwenye theluji, nikaiandika herufi ile kwenye kioo, nikaiweka simu juu ya kiboksi. Jina la mama likasomeka lote. Nikamwita. Kioo cha simu kikazimika.