Dirisha la Upande wa Kushoto

Walburga alikuwa na miaka sabini na mmoja na hakuwahi kupanda ndege. Miezi saba alikuwa kwa binti yake Rosemary, Songea mjini, akitibiwa goti. Sasa Leonce, mwanawe wa kwanza, alikuja kumchukua akapumzike kwake Mbeya wiki mbili. Baada ya hapo, Walburga alisema, angerudi nyumbani kwake ziwani apande mihogo kabla mvua hazijakolea.

Pale uwanjani, dada wa tiketi, Noela, alimwamkia, "Shikamoo mama. Utapenda kukaa dirishani?"

"Marahaba. Nipe dirisha la kuonea Ziwa Nyasa na milima ya Livingstone. Kwangu ni pale chini ya milima, kwenye rasi."

"Mpe kulia," Leonce alidakia. "Kushoto jua litamchoma."

Noela alimtazama. "Kaka, asubuhi hii jua liko kulia. Ziwa ndilo liko kushoto. Nitakuweka nyuma kidogo, mama, injini isikuzibie."

"Huko nyuma kunatikisika," alisema Leonce.

"Acha kutikisike," alisema mama yake.

Ndani ya ndege Leonce alikaa pembeni yake. Milima ilipotokea, imeshuka wima hadi majini, Walburga alicheka peke yake. Miteremko ile aliilima miaka arobaini. Ndipo akaiona rasi. Alitafuta kichaka kilichofunika makaburi ya wazee na la mumewe, Romanus. Hakikuwepo. Ardhi ilikuwa imekwanguliwa, nyekundu tupu mpaka ufukweni, na juu yake mapaa matatu marefu ya bluu.

"Leonce, pale si kwetu?"

Leonce alikaza mkanda wake.

"Nakuuliza wewe."

"Walikuja watu wa hoteli, mama, tukawauzia. Nilitaka tufike kwanza nikueleze taratibu. Makaburi yalihamishwa vizuri, na padri alikuwepo."

"Baba yenu mmemfukua?"

"Kwa heshima, mama."

"Rosemary anajua?"

"Alitia sahihi."

Walburga aliendelea kutazama nje hata ziwa lilipokwisha. Miezi saba alikula mezani kwa Rosemary, na kila jioni alimweleza ataanza kulima upande gani, na Rosemary akaitikia, "Sawa mama."

Walipotua Mbeya, Leonce alinyoosha mkono amfungulie mkanda. Walburga akausukuma. Abiria wakashuka wote. Mhudumu akaja kuuliza kama mama anahitaji msaada.

"Ndiyo, mwanangu. Nishike wewe."

Akashuka ngazi polepole, ameegemea bega la yule msichana asiyemjua, Leonce akifuata nyuma na begi.

"Twende nyumbani, mama," Leonce alisema walipofika chini.

"Kwako," alisema Walburga.

Akaenda, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kwenda.