Mwaka Ambao Baba Katiso Alichunga

Nilipopewa darasa la saba katika shule yetu ya milimani, nilikuta wasichana kumi na tisa na wavulana wawili. Hakuna aliyeshangaa. Huku Lesotho, msichana husoma na mvulana huchunga. Wavulana huanza la kwanza wengi tu, halafu mmoja mmoja hupanda mlimani na mifugo. Wengine hutoka jandoni wakijiona watu wazima, na hapo mwalimu huna tena la kuwaambia.

Wale wawili, mmoja alikuwa mtoto wa mchungaji wa kanisa. Wa pili alikuwa Katiso, mwana wa Ntate Selebalo (Ntate ndiyo Mzee kwetu), kijana wa miaka kumi na tano, mrefu, mpole, mwenye hati nzuri kuliko yangu. Mwezi wa Oktoba alikuja kuniaga. Kondoo wanapanda kwenye kambi ya malisho mlimani wiki ijayo, alisema, na baba kasema ni zamu yake. Mtihani wa mwisho ulikuwa Novemba.

Jioni hiyo hiyo nilikwenda kwao. Ntate Selebalo alikuwa ameketi nje ya nyumba, amejifunika blanketi lake, akikohoa taratibu. Alikuwa amefanya kazi migodini kule Afrika Kusini miaka kumi na minane, wakamrudisha nyumbani kifua kilipochoka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kondoo sitini watakwenda na nani. Mchungaji wa kuajiriwa alikuwa ametoroka. Yeye mwenyewe, alisema, aliacha shule darasa la tatu na hajafa.

Mkewe, Mama Katiso, alikuwa anachambua mboga mlangoni. Hakuinua hata kichwa.

"Kwani wewe, Baba Katiso, huna miguu?"

"Unasemaje?"

"Nasema wewe unayo miguu miwili, na mtoto ana mtihani. Mimi sijaona ugumu uko wapi."

Nilitaka ardhi inimeze. Mwanamume wa umri ule kwenda kuishi kambini na vijana wa miaka kumi na miwili ni jambo ambalo kwetu halifanyiki. Ntate Selebalo alijivutia blanketi mabegani, akageukia zizi. Nikaaga nikaondoka, nikijua nimewagombanisha watu bure.

Siku ya nne yake nilimwona akipita nyuma ya shule na kondoo wake, fimbo begani, viatu vya mpira miguuni, punda mbele na gunia la unga. Alikuwa anapanda. Wanaume waliokuwa dukani walimpigia miluzi. Mmoja alimwambia, "Kijana, usichelewe kurudi, mama yako atakutafuta." Yeye alinyoosha fimbo kuwasalimia na kwenda zake.

Habari za kambini zilitufikia kidogo kidogo. Kule juu kuna sheria: mgeni ndiye anayechota maji na kusonga ugali. Wale vijana walimtazama mzee, wakatazamana, wakaona aibu kumwambia. Yeye akachukua ndoo mwenyewe. Wakaanza kumwita Mgeni, naye akaitika. Akawa anawapikia, na anayeumwa tumbo anamfunika blanketi lake.

Katiso alisoma majuma yale kama mtu anayekimbizwa. Lakini Jumapili ya kuamkia mtihani, theluji ilianguka, nzito, wakati ambao hatukuitegemea tena. Jumatatu nilipogawa karatasi, dawati lake lilikuwa tupu. Mama yake alikuja analia. Mtoto alikuwa ametoka alfajiri kumfuata baba yake.

Yaliyotokea juu Katiso alinisimulia mwenyewe baadaye. Alifika saa nane mchana, theluji magotini. Kibanda cha mawe kilikuwa kimejaa wana-kondoo na vijana wanne waliokumbatiana, na baba yake amekaa mlangoni kuzuia upepo kwa mgongo wake, hana blanketi. Blanketi lilikuwa juu ya wale watoto.

"Mtihani umekwisha?" baba aliuliza.

"Bado."

"Sasa huku umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe, baba."

Katiso alisema alitarajia kuchapwa fimbo. Baba yake alisogea tu kumpa nafasi. Wakakaa mlangoni wawili, bega kwa bega. Njia ilifunguka Jumatano. Kondoo kumi na mmoja walikufa. Na mtihani ulikuwa umekwisha.

Kwetu mvulana akikosa mtihani hivyo, safari yake ya shule ndiyo imeishia hapo. Hata mimi nilimfuta moyoni. Lakini Januari, siku ya kufungua, Ntate Selebalo alisimama mlangoni mwa darasa, kofia mkononi, Katiso kando yake.

"Mwalimu, huyu hakukataa shule. Alimwonea baba yake huruma. Naomba arudie."

Nikamuuliza Oktoba itakuwaje.

"Oktoba Mgeni atapanda tena," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Mwaka ule haukuwa mwepesi kwa Katiso. Wenzake walimwita babu, wakamwambia asogee wengine waone ubao. Aliniambia mara mbili kwamba anaacha. Mara ya pili sikumbembeleza. Nilimwambia aende akamweleze baba yake mwenyewe, naye akarudi kukaa. Oktoba ilipofika, mzee alipanda na mablanketi matatu na dawa ya kifua aliyofungiwa na mkewe. Hakuna aliyempigia mluzi. Theluji haikuja.

Katiso alifanya karatasi zote. Saa ile ile alipoweka kalamu chini alikwenda nyumbani, akabadilisha viatu, akapanda kwenda kumpokea baba yake. Mzee alishuka kesho yake, amekonda, akalala siku mbili mfululizo, na Mama Katiso akawafukuza kuku wasimpigie kelele.

Katiso alifaulu. Sasa anasoma sekondari kule bondeni, na wakati wa likizo huchunga kama kawaida. Wavulana waliomaliza nami mwaka ule walikuwa watatu. Bado ni wachache mno. Lakini Januari iliyofuata Ntate Selebalo alinijia tena, safari hii amemshika mkono mmoja wa wale vijana wa kambini, mtoto asiye na wazazi, miaka kumi na miwili, hajui hata kuandika jina lake. Alisema amekwisha kuzungumza na mwenye mifugo aliyokuwa akiichunga mtoto huyo, amwachilie.

Nikamtafutia dawati.