Mkia wa Ujumbe wa Diep

Siku malalamiko ya kiwanda cha Toufen yalipokoma, Meneja Kuo alituagizia chai ya maziwa, kila kikombe na gololi zake za unga wa muhogo za kutafuna, na Kaka Tsai akaipigia saluti pakiti ya kijani iliyokuwa juu ya kompyuta kuu.

"Si niliwaambia?" alisema. "Ile ya kwanza ilikuwa imepitwa na tarehe. Mnaiwekea mashine vitafunio vilivyochina halafu mnataka iwatii!"

Hapa mjini Hsinchu sijaona chumba cha kompyuta kisichokuwa na pakiti hiyo. Ni bisi za mahindi zenye ladha ya nazi, na jina lake ni neno lile tunalowaambia watoto ili watulie; tunatumaini mashine nayo italisikia. Lazima iwe ya kijani, kwa sababu taa ya kijani ndiyo taa ya heri. Lazima tarehe yake iwe haijapita. Na ole wako uile. Nimeona watu wenye shahada mbili wakiiweka sawa kwa mikono miwili, kama wanaofukiza ubani.

Chai yangu sikuigusa. Nilijua kosa liko wapi, na halikuwa kwenye bisi.

Kampuni yetu huuza visomaji vya alama za vidole, vile vya kuweka langoni ili mfanyakazi aguse na kuandikwa kwamba amefika. Kazi yangu ni kutunza kiendeshi, yaani programu ndogo inayoifanya kompyuta ielewane na kisomaji. Toufen walipolalamika kwamba lango linakataa watu, nilitumwa mimi, kwa kuwa ndimi mdogo na safari ilikuwa ya mvua.

Nilifika wakati wa kubadilishana zamu. Foleni ilikuwa ndefu, wengi wao Wavietnamu, wanaong'arisha vioo vya simu. Mwishoni kabisa, mbali na wenzake, alisimama mwanamke mwembamba aliyevaa aproni.

"Mbona umejitenga?" nikamuuliza.

"Sijajitenga, dada. Nimetengwa." Alikizungumza Kichina chetu vizuri kuliko baadhi ya shangazi zangu. "Mashine yenu hainitaki. Na anayenifuata naye anakataliwa. Wanasema nina mkosi, nipange foleni na kivuli changu."

Kijana mmoja akageuka huko mbele. "Diep! Siku ukirudi kwenu hata ndege itakukataa!"

"Itanipa kiti chako," akamjibu. "Wewe utaning'inia kwenye bawa."

Foleni nzima ikacheka, naye akacheka. Kisha akanionyesha vidole vyake. Dawa ya kung'arishia ilikuwa imevilamba miaka yote hiyo hadi vikawa laini kama mgongo wa kijiko.

Nilichomeka kompyuta yangu nikarekodi kila kilichopita kati ya kisomaji na mashine ya langoni. Nikaliona kosa kwa macho yangu. Kisomaji huongea kwa jumbe, na kila ujumbe huanza kwa kutaja urefu wake wenyewe: mimi ni wa kiasi hiki, nisome wote. Kidole kizima huelezwa kwa ufupi. Kidole kilichosuguliwa hupigwa picha nyingi zaidi, hivyo ujumbe wake ni mrefu. Kiendeshi chetu hakikuwahi kuusikiliza mwanzo ule. Kaka Tsai alikiandika zamani, kwa visomaji ambavyo jumbe zao zote zililingana, kikazoea kuchota kiasi kilekile kila mara. Ujumbe wa Diep kilikuwa kinaukata kiunoni. Mkia wake ulibaki njiani, na mtu wa pili akiweka kidole, kiendeshi kilidhani mkia huo ndio kichwa cha ujumbe wake. Wote wawili wakakataliwa.

Nilimweleza hivyo hivyo. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo sina mkosi?"

"Huna. Ujumbe wako ni mrefu, sisi tunaukata."

"Basi waambie waache kunikata, dada Ping. Hapa ukionekana hujaja kazini siku tatu mfululizo, orodha ya mwisho wa mwezi inakuandika mtoro. Na mgeni akiandikwa mtoro, kibali kimekwisha."

"Lakini mlinzi si anakufungulia?"

"Namfungulia kila siku!" alidakia mjomba Hung, mlinzi wa lango, kutoka kibandani. "Mimi namjua kwa mwendo tu. Lakini ofisi inayoandika watoro iko Taipei, binti. Taipei hawanisomi mimi. Wanaisoma mashine."

"Nitarekebisha," nilimwambia Diep.

Na nilirekebisha. Haikuwa kazi kubwa: soma urefu kwanza, hakikisha si wa uongo, tenga nafasi ya kuutosha, kisha usiache kusoma hadi neno la mwisho. Nilijaribu kwa ile rekodi ya vidole vyake, ikapita bila kukatika. Nikampelekea Kaka Tsai.

"Mdogo wangu," alisema bila kuondoa macho kwenye boksi lake la wali, "kiendeshi hiki kiko kwenye malango mangapi?"

"Mengi."

"Na kinafanya kazi. Kitu kinachofanya kazi hakishikwishikwi."

"Hakifanyi kazi, kaka. Kinakata watu."

"Kinamkata mama mmoja mwenye vidole vya kambale." Alitafuna, akainua macho kuelekea kompyuta kuu, akaruka kitini. "Mungu wangu! Hii pakiti imeisha muda tangu lini? Nani zamu yake?" Akashuka ngazi mbio kwenda dukani, wali ukapoa.

Meneja Kuo alikuwa mpole zaidi, na upole wake ndio uliokuwa mbaya. "Kazi nzuri, Ping. Lakini tukitoa toleo jipya sasa, watauliza la zamani lilikuwa na kasoro gani. Mkataba wa Toufen ndio kwanza unaandikwa upya. Subiri kidogo."

Kila asubuhi nilimuuliza. Kila asubuhi kidogo yake ikarefuka.

Kisha malalamiko yakakoma, ikaja chai. Walipokuwa wakigonganisha vikombe vya plastiki, mimi nilifungua kumbukumbu za lango la Toufen. Ningekuta jumbe ndefu zinazokubaliwa, hata mimi ningeisujudia ile pakiti. Sikukuta hata moja iliyokubaliwa, wala iliyokataliwa. Zote zilikuwa fupi, zilizolingana, safi. Kidole kile hakikuwa kikigusa tena.

Nilimpigia simu mjomba Hung nikiwa nimesimama ngazini.

"Diep yuko?"

"Maofisa wa uhamiaji walimfuata bwenini, binti. Kaandikwa mtoro. Walimkuta na aproni yake ya kazi, ina vumbi la vioo. Nikawaambia, huyu katoka zamu sasa hivi, nimemfungulia mimi mwenyewe. Wakaniuliza, rekodi iko wapi? Wakaenda kumfungia."

Nilirudi ndani moja kwa moja hadi mezani kwa Meneja Kuo.

"Barua moja tu," nilisema. "Tuandike kwamba kisomaji chetu kilimkata. Ofisi ya Taipei italiondoa jina lake kwenye orodha ya watoro."

"Barua hiyo ni kukiri kosa."

"Kosa lipo."

"Ping." Alisogeza kikombe chake pembeni. "Malango yametulia. Kila mtu ana furaha. Unataka kumwamsha nani?"

Nilitia ile rekodi mfukoni, pamoja na kiendeshi cha zamani na nilichokirekebisha, nikapanda treni hadi kwa wakili wa wafanyakazi wageni kule Taoyuan. Alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyounganishwa kwa gundi, na hakuwa na haja ya kuelezwa mara mbili. "Hii inamtoa," alisema. "Hii inamtoa leo leo." Akapiga simu. Nilimtazama usoni jinsi alivyokuwa akisikiliza, akaacha kuandika, akaweka kalamu, kisha akaweka simu polepole sana.

"Wamempandisha ndege jana."

Sikulia pale. Nililia kwenye kituo cha treni, upepo ukanikausha uso kwa nguvu kana kwamba nao umenichoka. Nikiwa hapo hapo ukaingia ujumbe wa sauti. Ulikuwa wa Diep; mjomba Hung alikuwa amempa namba yangu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kuku na redio ya mtu.

"Dada Ping, usihangaike. Mwambie yule wa kwenye foleni kwamba ndege haikunikataa. Ilinipokea mara moja."

Nimeusikiliza mara nyingi. Hauna neno la lawama hata moja, na ningelipa chochote liwepo.

Kiendeshi ni kilekile mpaka leo. Toufen wameajiri wengine, wasichana wenye vidole vipya, na jumbe zao ni fupi. Kwa sasa. Dawa ya kung'arishia haina haraka. Pakiti iko juu ya kompyuta kuu na tarehe yake iko mbali.

Jana waliletwa mabwana wa Toufen, kwa sababu wakili amewaandikia. Mezani kulikuwa na keki za mananasi, kila moja kwenye karatasi yake. Niliambiwa nisimame, niiname, niombe radhi kwa kutoa nje mali ya kampuni.

"Inama tu, mdogo wangu," Kaka Tsai aliniminya kiwiko. "Neno moja, twende tukale."

"Tunakusikiliza," alisema Meneja Kuo.

Nilisimama. Sikuinama.

"Anayestahili kuombwa radhi yuko kwao, Nghe An," nilisema, "na humu ndani hakuna hata mmoja aliyeniomba namba yake. Ninyi siwaombi radhi. Leo siwaombi, na kesho msiniite tena, maana sitawaomba."